Watoto wanane wa Januari mosi

Nyumba nyingi za Kibondo na Kasulu zina mtu mwenye tarehe mbili za kuzaliwa. Ya kwanza iko kwenye karatasi, ina siku, mwezi na mwaka. Ya pili iko kichwani mwa mama au bibi, nayo haina namba hata moja: "Wewe ulizaliwa maharage yakitoa maua." "Ulizaliwa mwaka ule mto ulipofurika." "Ulizaliwa usiku wa kuamkia siku ya gulio."

Mara nyingi hiyo ya pili ndiyo ya kweli, lakini ya kwanza ndiyo inayofungua milango: shule, mkopo wa chuo, kitambulisho cha taifa, laini ya simu, bima na ajira. Na kwa watu wengi wa nyanda hizi za juu za Kigoma, tarehe hiyo ya kwanza inafanana. Ni Januari mosi.

Mwalimu mmoja wa hisabati, mzaliwa wa Kibondo anayefundisha sekondari upande wa Kasulu, alikutana na jambo hilo akiwa anatafuta kitu kingine kabisa. Alikuwa kwenye mada ya uwezekano, kidato cha nne, na wanafunzi walikuwa wameshachoka kurusha sarafu. Siku hiyo akawauliza swali jingine.

"Humu ndani mko 45. Tuuache mwaka, tuchukue siku na mwezi tu. Mnadhani wapo wawili waliozaliwa siku moja?"

Wengi walitikisa vichwa. Mwaka una siku 365 na wao ni 45 tu, itawezekanaje? Kijana mmoja akasema labda darasa lingekuwa na watoto 200 ndipo wangeanza kugongana.

Mwalimu akawaambia wafikirie mpira wa miguu. Uwanjani kuna wachezaji 22, ukimwongeza mwamuzi wa kati wanakuwa 23. Katika watu hao 23 tu, uwezekano wa kuwapo angalau wawili wenye siku moja ya kuzaliwa ni asilimia 50.7. Yaani ukitazama mechi nyingi, zaidi ya nusu ya mechi hizo zitakuwa na jozi kama hiyo uwanjani, na huenda wenyewe hawajui.

Darasa likabisha, na hapo ndipo somo lilipoanza. Kosa la wengi, aliwaeleza, ni kwamba kila mtu anajifikiria yeye. Anajiuliza, "Nani humu amezaliwa siku moja na mimi?" Swali hilo lina jibu dogo: katika wenzako 44, uwezekano wa kumpata mwenye siku yako ni kama asilimia 11. Lakini swali lililoulizwa halimhusu mtu mmoja. Linahusu mtu yeyote na mwenzake yeyote.

Akawataka wafikirie kupeana mikono. Watu 23 wakisalimiana kila mmoja na mwenzake, mikono itakayoshikana ni 253. Kila salamu ni nafasi moja ya kugongana kwa tarehe. Watu 45 wakisalimiana hivyo, salamu ni 990. Siku ni 365, jozi ni 990. Hapo tena si ajabu wawili kufanana, ajabu ni wote kutofautiana.

Ubaoni akaionyesha kwa kuzidisha. Mtu wa kwanza achukue siku yoyote. Wa pili, ili asigongane naye, zimebaki siku 364 kati ya 365. Wa tatu zimebaki 363. Wa nne 362. Ukizidisha sehemu hizo moja baada ya nyingine, nafasi ya wote kutofautiana inapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ukifika mtu wa 23 imeshuka chini ya nusu. Ukifika wa 45 imebaki kama asilimia 6 tu. Kwa hiyo darasa lile lilikuwa na uwezekano wa asilimia 94 kuwa na angalau jozi moja.

"Haya, kila mtu aandike tarehe yake kwenye kikaratasi, tuone."

Vikaratasi vikakusanywa, tarehe zikaandikwa ubaoni. Jozi zilikuwapo: wawili wa mwezi Machi, wawili wa Agosti. Lakini kabla ya kufika huko darasa lilikuwa limeshaanza kucheka. Januari mosi ilikuwa imeandikwa mara nane.

Mwalimu hakucheka. Alijua hesabu ile haikutoka kwenye mada ya uwezekano. Kwa kubahatisha tu, ungehitaji madarasa nane ya watoto 45, yaani watoto 360, ndipo utegemee kumpata mmoja aliyezaliwa Januari mosi. Darasa moja kuwa na wanane hakuwezi kuitwa bahati. Huo ni mkono wa mtu.

Wanafunzi walipotulia, msichana mmoja wa wale wanane akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwa hiyo sisi tulizaliwa lini?"

Mwalimu aligeukia ubao akaandika tarehe yake mwenyewe, ile iliyo kwenye vyeti vyake vyote: 1 Januari. Darasa likawa kimya. Wakawa tisa.

Mkono ulioandika

Si vigumu kujua Januari mosi inatoka wapi. Fomu ina visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Mzazi amekuja kumwandikisha mtoto darasa la kwanza, ameacha jembe nyumbani, nyuma yake kuna foleni. Anaulizwa tarehe. Mwaka anaukumbuka, siku haikumbuki, kadi ya kliniki ililoa mvua au iliungua na nyumba. Anayeandika hawezi kuacha visanduku viwili wazi, na kompyuta zilipokuja ndizo hazitaki kabisa. Basi anaweka 1, anaweka 1, foleni inasogea. Miaka inapita, cheti cha shule ya msingi kinafuata karatasi ile, cha sekondari kinafuata cha msingi, kitambulisho kinafuata vyeti. Makadirio ya dakika moja yanakuwa ukweli wa maisha.

Kasulu na Kibondo wanalijua hili kuliko sehemu nyingine, kwa sababu jirani zao wa kambini nao wanalo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi wakaanza kuingia. Mwaka huohuo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena. Mtu aliyekimbia usiku hakubeba kadi ya kliniki. Akifika mezani kwa mwandikishaji, anataja mwaka, na siku inawekwa ile ya kwanza ya mwaka. Wakongo wengi waliotoka Nyarugusu kwenda kuishi Marekani wamevuka bahari na siku hiyo. Huko kumekuwa na familia ambazo baba, mama na watoto karatasi zao zote zinasema Januari mosi, na majirani wanashangaa ni ukoo wa namna gani huu.

Isidhaniwe kwamba wazee hawakuwa na hesabu ya kuzaliwa. Walikuwa nayo, ila ilihesabu kitu kingine. Kwa Warundi na kwa Waha, jina lenyewe linaweza kuwa hati. Ukisikia Bukuru na Butoyi, unajua hao ni pacha na unajua nani alitangulia. Ukisikia Nyandwi, huyo ni mtoto wa saba. Minani ni wa nane. Mama alijua mtoto yupi alimfuata yupi, katika mvua ipi, wakati wa zao gani. Kalenda ya ukutani ndiyo haikuwapo.

Hata serikali imewahi kukiri kwamba kumbukumbu hiyo ina thamani. Wakati wa sensa, makarani wa Tanzania wamekuwa wakitumia orodha ya matukio: Uhuru wa 1961, Operesheni Vijiji, vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Mtu asiyejua mwaka wake anaulizwa, "Wakati wa tukio fulani ulikuwa mkubwa kiasi gani?" Na bado, ukisoma umri wa watu kwenye takwimu, unaona miaka inayoishia na 0 na 5 imejaa kupita kiasi. Watu hawazaliwi hivyo. Hukadiria hivyo.

Wawili walipoinuka

Mwalimu angeweza kuishia darasani, kama si mama yake.

Mama yake anaishi Kibondo, analima maharage na mihogo, na kwa miaka michache sasa anasumbuliwa na presha. Siku moja Mwalimu alisafiri kwa basi kwenda kumpeleka hospitali. Walikaa kwenye benchi wakisubiri. Muuguzi akatoka na kadi mkononi, akaita jina la mama yake, majina yote mawili. Wakainuka wanawake wawili.

Watu wakatabasamu, mambo ya majina hayo. Jina la ubatizo ni lile linalopendwa na kila parokia, na la pili ni la Kiha, lenye watu wengi. Muuguzi akauliza tarehe ya kuzaliwa ili awatenganishe. Mama wa Mwalimu akatoa kitambulisho: 1 Januari 1970. Yule mwenzake naye akatoa cha kwake: 1 Januari 1970.

Tabasamu likaisha. Kadi ile ilikuwa ya mgonjwa wa kisukari, na dawa zilikuwa zimeshaandikwa. Mama wa Mwalimu hana kisukari. Dawa ya kushusha sukari, ikimezwa na mtu asiyeihitaji, inaweza kumwangusha.

Aliyeokoa mambo ni muuguzi mmoja wa umri mkubwa, aliyesogea bila haraka. Hakuuliza tarehe tena. "Mama, mtoto wako wa kwanza anaitwa nani? Unatoka kijiji gani?" Kwa maswali mawili kila mmoja akapata kadi yake. Wale mama wawili wakasalimiana kwa mikono miwili, wakacheka, wakaitana pacha.

Mwalimu hakucheka hata hapo. Usiku ule, nyumbani kwa mama yake, alikaa na kalamu.

Chukua wanawake wenye majina mawili yanayofanana, waliozaliwa ndani ya kipindi cha miaka 40. Kama tarehe zao zingekuwa za kweli, siku zinazowezekana ni zaidi ya 14,000. Wanane wa jina hilo wakikutana katika daftari la hospitali, kugongana tarehe kamili ni jambo la mbali sana. Jozi ni 28 tu katika siku 14,000 na zaidi. Lakini wote wakiandikwa Januari mosi, siku zinazobaki si 14,000 tena. Ni 40, moja kwa kila mwaka. Hapo wanawake wanane tu wanatosha kuufanya uwezekano wa wawili kugongana kabisa, jina, siku, mwezi na mwaka, uvuke nusu. Ni mchezo uleule wa watu 23 uwanjani, ila uwanja umefinywa. Na ukikumbuka kwamba hata miaka hukadiriwa kwa 1960, 1965, 1970, visanduku vinazidi kupungua na watu wanazidi kubanana.

Ndiyo maana jambo hili si la kuchekesha. Tarehe ya kuzaliwa imepewa kazi ya kumtenga mtu na mwenzake. Ikifanana kwa maelfu ya watu, haiwezi tena kuifanya kazi hiyo, na anayeumia ni mgonjwa, mstaafu anayefuatilia mafao, au kijana anayeambiwa jina lake limeshatumika.

Jumapili mbili

Usiku huohuo Mwalimu alimuuliza mama yake jambo ambalo hakuwahi kuliuliza, kwa sababu siku zote aliamini jibu halipo.

"Mama, mimi nilizaliwa lini hasa?"

Mama yake alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Wewe ulizaliwa Warundi walipoanza kupita hapa, waliponuliwa rais wao. Ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wanatoka kanisani, baba yako akakimbia kumwita mkunga."

Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, siku ya Alhamisi, na watu wakaanza kumiminika kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Mwalimu akafungua kalenda ya zamani kwenye simu. Jumapili ya kwanza baada ya hapo ilikuwa tarehe 24. Iliyofuata ilikuwa tarehe 31. Mama akasema wakimbizi walikuwa wameanza kufika, ila hakumbuki kama ilikuwa wiki ya kwanza au ya pili. Alikuwa na uchungu, hakuwa anahesabu.

Kutoka siku 365 zikabaki mbili. Vyeti vyake vilikuwa vimekosea kwa miezi kadhaa, na aliyekuwa na jibu alikuwa hapohapo miaka yote, akimpikia.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Siku yako naijua. Hakuna aliyeniuliza."

Mama mwenyewe hakujua kwamba karatasi yake inamwongezea miaka. Alizaliwa, kwa alivyosimuliwa, mwaka wazazi wake walipohamishiwa kijiji cha ujamaa wakati wa Operesheni Kigoma, mvua za kwanza zikinyesha. Hiyo ni 1972, si 1970, na mvua za kwanza za huku haziji Januari. Mwalimu alipomwambia basi twende tukabadilishe, mama alikataa. Kitambulisho, kadi ya simu na karatasi za kikundi cha kuweka akiba vyote vinasema vilevile, na kugusa kimoja ni kuvigombanisha vyote. Alichokubali ni kwamba faili lake la hospitali liandikwe jina la tatu, kijiji na namba ya kitambulisho, ili yule pacha wake asije akameza dawa zake. Namba ya kitambulisho, tofauti na tarehe, ni ya mtu mmoja tu.

Mwalimu naye hakubadili chake. Shahada, ajira na mshahara vimejengwa juu ya Januari mosi.

Wale wanane darasani walipewa kazi ya nyumbani: kaulizeni. Wakarudi na majibu ya kila namna. Mmoja alikuta kadi yake ya kliniki ndani ya sanduku la bibi, imekunjwa ndani ya kitenge, tarehe inasomeka. Wawili walipata kwenye daftari la ubatizo parokiani. Mwingine alirudi na msimu tu, wakati wa kuvuna mahindi. Msichana yule aliyeuliza swali aliambiwa na shangazi yake kwamba alizaliwa siku moja na binamu yake, mchana na jioni, nyumba mbili zilizotazamana. Binamu huyo ana cheti. Kumbe siku yake ilikuwa imeandikwa siku zote, ila kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Kwa wazazi wa leo, kazi ni nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa bibi zetu. Mtoto akizaliwa hospitali au kituo cha afya, usiondoke bila tangazo la kizazi. Akizaliwa nyumbani, mpe taarifa mtendaji mapema. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90, na ndani ya muda huo hakuna anayelazimika kukumbuka kwa shida. Ukichelewa miaka kumi, utaanza kutafuta kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, vya shule, na viapo.

Kwa wale ambao karatasi zao zimeshaandikwa, bado kuna kitu cha kufanya kisichohitaji ofisi. Nunua daftari. Kaa na mama, bibi au shangazi kabla hajasahau au hajaondoka, umuulize kila mtoto wa nyumba hiyo: mvua gani, zao gani, siku gani ya wiki, nani alikuwa mgonjwa, nani alikuwa amefariki, redio ilikuwa inasema nini. Andika anavyosema, bila kumsahihisha. Mengine yatabaki msimu, mengine yatafika kwenye mwezi, na mengine yatakuacha na Jumapili mbili. Wenye siku hizo bado wako hai, na wanasubiri kuulizwa.